Glavu ya Vidole Vitatu

Sherifu Duane Rostad alipokwenda kumwambia Marlys Tvedt kwamba mumewe amekufa, alikuwa bado anatafuna. Ilikuwa Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Januari ya kupasua mawe, na andazi alilolinunua kituo cha mafuta lilikuwa halijaisha. Akalimalizia hapo hapo mlangoni, sukari ikimdondokea kifuani juu ya ile nyota ya usherifu aliyochaguliwa kuivaa mara tano mfululizo. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali na kuvua kofia.

"Gordy tumempata," akasema. "Korongoni, kule Vang. Pikapu imepinduka. Pole sana, Marlys."

Marlys hakulia. Alikuwa kwenye kiti cha jikoni na koti lake la nje mwilini tangu jana yake, kwa sababu Jumamosi jioni alimpigia simu sherifu huyu huyu kumwambia mumewe hajarudi, akajibiwa kwamba mwanamume wa miaka sitini na nne si paka wa kufungiwa ndani, atarudi akitaka.

"Alikuwa amelewa," Rostad akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Gordy hanywi."

"Hanywi mbele yako."

"Ana miaka kumi na mmoja hajagusa, Duane. Alipotimiza kumi ulikuja hapa ukala keki. Ulikula vipande vitatu."

"Pombe haihesabu miaka, mama. Chupa tumeikuta. Nusu ilikuwa tumboni, nusu kwenye koti."

Nyuma ya Marlys alikuwa amesimama Kari, binti yao wa pekee, wa miaka ishirini na tisa, naye ni naibu wa sherifu huyo huyo. Miaka minne amevaa sare yake, amemwandikia ripoti zake, amewakamata walevi wake siku za maonyesho ya mifugo. Akauliza kwa nini hakuitwa.

"Nikuite uje umwone baba yako katika hali ile? Nimekuonea huruma, binti. Ripoti nimeiandika mwenyewe, na Dakta Pfeifle ameshatia sahihi."

"Ameshatia sahihi? Leo Jumapili? Saa hizi?"

Daktari wa kaunti, Pfeifle, alikuwa mtu ambaye hapokei simu wikiendi hata mwanamke akiwa na uchungu wa kuzaa. Rostad alitazama birika la kahawa lililokuwa jikoni, akasubiri akaribishwe. Hakukaribishwa. Akaondoka akionekana kama mtu aliyekosewa adabu.

*

Kufika adhuhuri mji mzima wa Elstad ulishajua kwamba Gordy Tvedt, dereva wa greda la kaunti, mzee wa kanisa, amekufa na chupa mkononi. Wanawake wa Kilutheri walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, na jeli ya kijani yenye karoti ndani, kwa maana huko kwetu mtu hawezi kuzikwa bila jeli. Walimkumbatia Marlys kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili wakafungua kabati la chini ya sinki kama vile wanatafuta sabuni. Marlys aliwaona. Mmoja alimwambia, "Usijilaumu, mpenzi. Mke hawezi kuwa na macho kila mahali." Alisema hivyo huku macho yake mwenyewe yakiwa kila mahali.

Mdogo wake Marlys, Lyle Sorum, alifika saa tisa. Lyle alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti. Alikuwa mnene, mwenye mikono laini, wa kusalimia watu kwa kuwashika bega, na aliyejifunza mapema kwamba katika kaunti yenye watu elfu mbili, asiyemkasirisha mtu anaweza kukalia kiti mpaka afe. Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hawakumjua Lyle Sorum.

"Dada," akasema, machozi yakiwa tayari, "nimeshazungumza nao. Unajua kanuni. Mfanyakazi akifa kazini, mjane anapata pensheni. Akifa mlevi..."

"Mjane anapata pole," Marlys akamalizia.

"Lakini mimi ndimi mwenyekiti. Tunaweza kuandika barafu. Aliteleza kwenye barafu. Niachie mimi kila kitu, hata mazishi. Nimeshamwambia Pfeifle, Alhamisi atachomwa, majivu utayapata kwenye chombo kizuri. Huna haja ya kumtazama, dada. Mkumbuke alivyokuwa."

"Gordy achomwe?"

"Ardhi imeganda futi tano. Utamzika na nini, na kijiko?"

Marlys alinyamaza, naye Lyle akaona kunyamaza kule ni kukubali, kwa sababu ndivyo alivyozoea kwa watu wote. Akajipakulia viazi.

*

Jumatatu Kari alikwenda ofisini kuchukua vitu vya baba yake. Karani alimtaka atie sahihi mahali patatu, kisha akampa mfuko wa karatasi wa dukani, ule wa kubebea mboga. Ndani kulikuwa na mkanda, miwani, saa iliyovunjika kioo, pochi na glavu. Akavipeleka nyumbani, akavimwaga juu ya meza ya jikoni mbele ya mama yake.

Marlys alizichukua glavu, si kwa sababu nyingine ila zilikuwa ndizo zilizougusa mkono wa mumewe mwisho. Akaingiza mkono katika ile ya kushoto. Vidole vyake vyote vitano vikaingia mpaka mwisho.

"Hizi si zake," akasema.

"Mama."

"Si zake, Kari. Tazama."

Gordy alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kushoto. Viwili vya mwisho viliondoka na mashine ya kupandishia ngano ghalani, mwaka Kari alipoanza shule. Tangu hapo, kila glavu mpya iliyoingia nyumbani mle Marlys aliikata ile ya kushoto vidole viwili na kuishona kwa uzi mweusi, ili isinase kwenye vishikio vya greda. Miaka ishirini na mitatu. Hakuna glavu ya kushoto ya Gordy iliyokuwa na vidole vitano, kama vile hakuna paka mwenye pembe.

Kari akazigeuza glavu zile. Ngozi ya kahawia, manyoya ndani, lebo nyeupe kwenye kifundo. Akachomoa zake mfukoni mwa koti la sare, akaziweka kando ya zile. Zilikuwa pacha. Kaunti ilizinunua kwa maboksi kwa ajili ya manaibu. Boksi lilikaa stoo ya ofisi, na ufunguo wa stoo ulikaa kwenye mkanda wa sherifu.

"Mtu amemvisha," Kari akasema. Hakutaka kuisikia sauti yake ikisema hivyo. "Kwa sababu Januari hii hata mlevi hatoki bila glavu. Akikutwa mikono mitupu, watu watauliza alikuwa wapi alipozivua."

Birika likaanza kulia, Kari akaenda kulizima.

"Baba aliniambia Alhamisi kuna kitu ameona Vang," Kari akasema. "Nikamwambia tutaongea wikiendi. Wewe alikuambia?"

Alikuwa amemwambia, Ijumaa, mezani. Akisukuma theluji na greda lake alikuta alama za matairi ya malori zinakwenda shule ya zamani ya Vang, shule iliyofungwa tangu yeye akiwa mtoto. Malori yakafuate nini kwenye shule isiyo hata na paa zima? Akashuka, akachungulia. Darasa lilikuwa limejaa mifuko myeusi mpaka dirishani. Mmoja ulipasuka, akaona ndani soksi, zile soksi ndefu za kitambaa zinazochujia maji machafu ya visima vya mafuta. Kila mtu wa kwetu anazijua. Zikishatumika zinabaki na mionzi, na sheria inataka zikatupwe mbali sana, katika jimbo lingine, kwa gharama. Bwana Curtis Rudd, tajiri wa malori, alilipwa na watu wa mafuta ili azipeleke huko mbali. Akazipeleka Vang, mita mia tatu kutoka kisima kinachonywesha mashamba kumi na manne.

"Alisema Jumatatu atapiga simu makao makuu ya jimbo, Bismarck," Marlys akasema. "Na Jumamosi atakwenda kuchukua mfuko mmoja, wasije wakasema anaota."

"Alimwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Na wewe, mama? Wewe ulimwambia nani?"

Marlys alizitazama glavu. Uso wake ulianza kubadilika polepole, kama barafu ya ziwa inapoanza kupasuka.

"Lyle alipiga simu Ijumaa jioni," akasema. "Alitaka kujua nani analeta viazi kwenye chakula cha kanisa. Nikamtajia. Nilimtajia tu, Kari. Ni ndugu yangu."

*

Shule ya Vang ilikuwa imefagiliwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza Kari alichokiona Jumanne mchana alipousukuma mlango. Mifuko haikuwepo hata mmoja. Paa lilikuwa na tundu, madirisha hayakuwa na vioo, ubao ulikuwa umeota ukungu, lakini sakafu ilikuwa safi kama ya benki. Uovu wa watu hawa ulikuwa mkubwa, akili yao ilikuwa ndogo. Nani hufagia shule iliyokufa?

Lakini mtu aliyezoea kufagiliwa na mkewe hafagii nyuma ya jiko. Kari akapiga magoti, akaingiza mkono kati ya ukuta na lile jiko kubwa la chuma la kuni, akavuta uchafu, majani, panya mkavu, kisha glavu. Ya kushoto. Vidole viwili vimeshonwa kwa uzi mweusi. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na damu kavu, na nywele tatu za mvi zimenata.

Hakulia. Alipiga picha, akaisokomeza glavu ndani ya buti, chini ya soksi, kwa sababu alikuwa amesikia gari nje.

Rostad alisimama mlangoni akaziba mwanga.

"Naibu Tvedt. Nani amekupangia doria ya huku?"

"Nimekuja kuangalia alipokufia baba."

"Baba yako alikufa korongoni."

"Korongo liko hapo nyuma. Nikaona mlango wazi."

"Toa vilivyo mfukoni."

"Unanipekua, sherifu?"

"Nakuonea huruma. Toa."

Akamtolesha kila kitu nje, juu ya theluji. Funguo, leso, simu, kijitabu, pakiti ya peremende. Simu akaichukua, akasema ni mali ya kaunti, na ilikuwa kweli. Kisha akanyoosha kiganja, akakichezesha vidole kama mtu anayemdai mtoto peremende aliyoiba.

"Na beji. Una msiba, Kari. Nenda ukapumzike. Kuna wasichana wengi wangependa kazi hii, na wanajua kushukuru."

Akampa. Akaokota vitu vyake akiwa ameinama mbele ya buti za mtu yule, naye Rostad hakusogeza mguu hata funguo zilipokuwa chini ya kisigino chake. Ilibidi amwombe.

*

Jumatano asubuhi Kari aliendesha gari kwa muda wa saa tatu mpaka makao makuu ya jimbo. Mpelelezi aliyempokea, mwanamke mfupi aliyekuwa na mafua, aliitazama glavu kwa muda mrefu, akamwuliza maswali arobaini, kisha akasema jambo moja tu la maana: "Mwili usichomwe. Nipe mpaka Ijumaa, na mwili usichomwe."

Wakati huo huo Lyle alikuwa jikoni kwa dada yake, ameleta karatasi na kalamu. Karatasi ya kuchoma maiti haiwezi kutiwa sahihi na mwenyekiti wa halmashauri, hata awe na mikono laini namna gani. Inataka mjane.

"Hapa tu, dada. Na hapa."

Marlys alimwekea sahani. Alimpakulia jeli, akamtia kahawa, akaketi mbele yake akamtazama anavyokula. Alikuwa amemlea mtu huyu. Mama yao alikufa Lyle akiwa na miaka saba, na Marlys, aliyekuwa na kumi, ndiye aliyemfunga viatu na kuwapiga waliompiga.

"Lyle, Ijumaa nilipokuambia habari ya Vang, ulimwambia nani?"

Kijiko kikasimama. "Vang? Habari gani?"

"Sawa," akasema Marlys. "Nilitaka tu kusikia utajibuje."

"Dada, huzuni inakuchanganya."

"Hainichanganyi. Gordy hachomwi."

"Lakini nimeshapanga! Pfeifle ameshawasha... ameshatayarisha. Unajua gharama ya kumhifadhi mpaka masika? Na pensheni? Ukinikatalia hili, siwezi kuandika barafu. Itabaki chupa. Watu watakuona mke wa mlevi mpaka ufe."

"Waache wanione."

"Kwa nini unanifanyia hivi? Mimi najaribu kukusaidia!"

"Maliza jeli yako uende, Lyle."

Akaimaliza. Hilo ndilo Marlys alilomwambia Kari baadaye, kwa mshangao zaidi kuliko hasira: kwamba aliimaliza, akakwangua sahani, kisha akaondoka na karatasi yake tupu.

*

Halmashauri ya kaunti hukutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa mahakama. Kwa kawaida huhudhuriwa na watu sita na mbwa mmoja. Siku ile tulikuwa arobaini na kitu, maana ilishavuma kwamba mjane wa Gordy ameomba kusema. Nasema tulikuwa, kwa sababu na mimi nilikuwemo, safu ya tatu, na kikombe changu cha kahawa ya bure. Lyle alikaa katikati ya meza. Rostad aliegemea ukuta, mikono kifuani. Curtis Rudd alikaa mbele na koti lake la ngozi ya kondoo, kwa sababu siku ile ile alikuwa anaomba mkataba wa kumwaga kokoto barabarani. Alipita akitusalimia mmoja mmoja kwa jina, na tulifurahi kusalimiwa.

"Kila mwananchi ana dakika tatu," Lyle akasema, akaiweka saa ya jikoni juu ya meza bila kumtazama dada yake.

Marlys alisimama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na buti za zizini.

"Nina swali moja," akasema. "Nataka kujua nani alimvisha mume wangu glavu za kaunti."

Watu wakageuka. Rostad akacheka kidogo puani.

"Nilimvisha mimi. Tulimkuta mikono mitupu, nikaona si heshima. Nilidhani utanishukuru."

"Maiti haisikii baridi, Duane. Zake ziko wapi?"

"Nitajuaje? Labda alizisahau huko alikokuwa analewea."

"Alikuwa wapi?"

"Marlys, mlevi anaweza kuwa popote. Zizini, ghalani, shuleni..."

"Shule gani?"

Shule ya Elstad iko katikati ya mji, na Jumamosi ile ilikuwa na mashindano ya mpira wa kikapu. Nusu ya watu waliokuwa ukumbini walikuwepo kule kuanzia asubuhi hadi jioni. Rostad akafumba mdomo, akaufumbua, akaufumba tena, kama samaki aliyetolewa kwenye barafu.

"Nimetoa mfano," akasema.

"Kuna shule ngapi za kulewea kaunti hii?" Marlys akauliza. "Mume wangu aliona mifuko kwenye shule ya Vang. Baadhi yenu mnanywa maji ya kisima cha Vang. Wajukuu zenu wanayanywa. Nani aliifagia ile shule?"

Saa ya jikoni ikalia. Lyle akasema kwa sauti nyembamba kwamba muda umekwisha, ila mwananchi mwingine akitaka anaweza kumpa dakika zake.

Na hapa ndipo ningependa kusema tulisimama. Hatukusimama. Mchungaji alivua miwani akaisafisha. Ole Haugen, aliyekaa jirani na Gordy kanisani miaka thelathini, aliinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mimi nilichungulia ndani ya kikombe changu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Wengi wetu tulikuwa na mtoto au mkwe anayeendesha lori la Rudd, na wasiokuwa na mtoto walikuwa na woga tu, bila hata faida. Aliyesimama ni Kari peke yake.

"Mimi mwananchi pia," akasema. "Mpeni mama dakika zangu."

"Naibu Tvedt yuko likizoni," Rostad akafoka. "Mtoe nje mtu huyu!"

Hapakuwa na wa kumtoa, naibu mwingine alikuwa amekwenda kuchukua gari gereji. Mlango ulifunguka, wakaingia watu wanne wa jimbo na theluji kwenye buti, mbele yao yule mwanamke mfupi mwenye mafua. Walikuwa wametoka moja kwa moja stoo ya ofisi ya sherifu na uani kwa Rudd, ambako mifuko ya Vang ilikuwa bado juu ya lori, imefunikwa turubai, kwa sababu tajiri huyo alifanya ubahili wa kuwalipa watu waishushe.

Mpelelezi hakuuliza neno. Akapenga kamasi tu. Lakini Lyle Sorum aliinuka, saa ya jikoni mkononi, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

"Sikumgusa! Duane ndiye aliyempiga, kwa tochi, mimi sikumgusa! Nilimwambia yuko hai! Nilimwambia bado anapumua!"

Rudd alikuwa ameshatoa simu yake, anampigia wakili.

*

Madaktari wa jimbo walimpasua Gordy, wakakuta kichwa kimevunjika kwa kugonga chuma, na pombe nyingi kwenye koti lakini tumboni hakuna hata tone. Wakakuta pia kwamba hakufa kwa pigo wala kwa kupinduka. Alikufa kwa baridi. Walipomtia kwenye pikapu na kuisukumia korongoni alikuwa hai, na aliendelea kuwa hai kwa saa nne au tano, muda ambao mkewe alikuwa anaambiwa na sherifu kwamba mumewe si paka.

Rostad alipata miaka thelathini na minane. Pfeifle alinyang'anywa cheti, akahamia kwa binti yake Arizona, na nasikia anacheza gofu. Rudd alikuwa na mawakili watatu. Alikiri kosa la taka, akatozwa faini, na kabla theluji haijayeyuka malori yake yalikuwa yamepakwa rangi mpya na jina jipya. Baadhi ya vijana wetu walipoteza kazi kwa miezi miwili. Kwa miezi miwili hiyo watu walivuka barabara wakimwona Marlys. Walisema angeweza kumaliza jambo hilo kifamilia.

Gordy alizikwa Mei, ardhi ilipolegea. Tulijaa kanisa zima. Tuliimba vizuri sana.

Agosti, Lyle alimwandikia dada yake kutoka jela. Hukumu yake ilikuwa bado wiki mbili, na wakili alisema barua ya mjane ingeweza kumpunguzia miaka mingi. Kari alimpeleka mama yake, lakini yeye hakuingia. Alibaki kwenye gari.

Lyle alikuwa amekonda, ngozi ya shingo imelegea. Alimshika bega dada yake kwa mazoea, mlinzi akamkemea, akaurudisha mkono.

"Mistari miwili tu, dada. Kwamba mimi si mtu mbaya. Nilikuwa naogopa. Rudd alinipa fedha kidogo ili nisahau lile jengo, basi, sikujua yatafika huku."

"Nitafikiri. Kwanza niambie kitu. Mahakamani Duane alisema wewe ulifika shuleni baada yake. Kwa hiyo ulimkuta Gordy bado amesimama."

"Ndiyo."

"Alisema nini alipokuona?"

Lyle akatazama mikono yake. "Kwa nini unataka kujua hayo?"

"Ni mume wangu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, pengine, alikuwa hana mtu wa kumfurahisha mle chumbani, na hilo likamfanya aseme kweli.

"Duane alikuwa anamfokea. Gordy amebanwa kwenye kona, karibu na jiko, glavu kazivua, anashikilia mfuko. Nikaingia. Akanigeukia, na uso wake..." Akasita. "Akasema, 'Afadhali umekuja, Lyle.'"

"Halafu?"

"Akasogea kidogo. Akanipa nafasi nisimame kando yake. Akamwambia Duane, 'Haya, shemeji yangu huyu hapa. Sasa tuko wawili.'"

"Na wewe?"

"Dada..."

"Na wewe ukafanya nini, Lyle?"

"Nikafunga mlango."

Marlys akauchukua mkoba wake, akainuka. Lyle alimwita mara mbili, mara ya pili kwa jina alilomwita walipokuwa wadogo. Hakugeuka. Mlinzi alimfungulia, akamtakia siku njema.

Nje jua lilikuwa kali na ngano imeiva pande zote za barabara. Kari aliwasha gari mama yake alipofunga mkanda.

"Utamwandikia?"

"Hapana."

"Amesemaje?"

"Amesema baba yako alifurahi kumwona."

Kari alikuwa ameshaingiza gia. Akaitoa, akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, na wakakaa hapo, mbele ya geti la jela, mpaka alipoweza kuendesha.